Dirisha la Mzee Useni

"Nyumba mbaya haiko," alisema Isidore, amekaa juu ya meza ya fundi cherehani kama bidhaa inayongoja mnunuzi. "Iko tu nyumba yenye haijakutana na mimi. Munipe hata banda la mbuzi. Siku tatu, na mbuzi wataanza kuvua viatu mulangoni."

Waziri, mwenye meza, hakuinua macho kwenye pazia alilokuwa akilipinda. "Na nyumba ya mama yako? Juzi mvua ilinyesha, akalala na sufuria kifuani."

"Mganga hajigangi, Waziri. Shona rido."

Watu wa mji wa Baraka walimcheka, lakini walimwita. Tangu atoke shule kwa Mapadri, Isidore alijitungia kazi ambayo hakuna aliyejua jina lake: mtu akitaka kuuza nyumba, yeye huingia kwanza. Kabati lililoziba mwanga hulisogeza. Mkeka uliochakaa huugeuza upande wa pili. Mtungi huuweka mahali ambapo mgeni atauona akivuka kizingiti, kiu imtoke kabla hajanywa. Nyumba tatu zilikuwa zimepata wenyewe wapya kwa ujanja huo, na kila moja ilimwongezea urefu wa shingo.

Ya nne ilikuwa ya Mwanahamisi, mjane wa Mzee Useni mwenye maboti. Binti yake Saumu alikuwa ng'ambo ya ziwa, Kigoma, na mimba ya kwanza iliyomlaza kitandani, na kila boti lililovuka lilileta neno lile lile: mama, kuja. Boti la mwisho kabla Saumu hajajifungua lilikuwa la Ijumaa. Mwanahamisi alitaka kuvuka na kubaki huko, lakini nyumba ndiyo mali yote aliyobaki nayo, na ukiiacha tupu kando ya ziwa mchwa huirithi kabla ya mwaka kuisha. Wanunuzi wawili walikuwa wamekuja. Wote walitembea vizuri hadi chumba kikubwa cha nyuma, na humo kila mmoja akakumbuka kuwa ana shughuli mahali.

"Ni giza," Isidore alimwambia. "Humu iko sawa na tumbo ya samaki. Nikitoboa dirisha kwa huu ukuta, Mama Saumu, ziwa lote litaingia kusalimia."

"Huu ukuta usiuguse."

"Hata kwa kidole?"

Mwanahamisi aliinua pembe ya mkeka uliotundikwa nyuma ya kitanda. Kulikuwa na kiraka cha udongo kwenye matofali, kipana kama mabega ya mtu. Katika ukoo wa mume wake, alieleza, maiti haitoki kwa mlango. Hutobolewa ukuta nyuma ya kitanda chake, anapitishwa hapo, na kabla wazikaji hawajarudi wanawake wameshaziba, ili akikumbuka kwake akute ukuta. Shehe hakuipenda desturi hiyo. Siku ya mazishi alikuwa ametazama ziwa mpaka wakamaliza.

"Unaniapia?"

"Haki ya Mungu, Mama Saumu. Mi na huu ukuta hatujuani."

Jumatatu Mwanahamisi alipanda lori kwenda Mboko kumuaga dada yake. Jumanne mchana, watu wote wakiwa gulioni, Isidore alifunga mlango wa mbele, akachukua jembe la marehemu lililokuwa chini ya kitanda, akapiga mluzi, akajuana na ukuta.

Alitazamia vumbi. Udongo ulitoka mbichi. Miezi sita tangu mazishi, na bado ulikuwa na alama za viganja vya wanawake waliouziba, zimelowa kama za asubuhi ile. Tundu lilipofunguka, upepo uliingia na kumpita shavuni, lakini mkeka uliotundikwa mlangoni, nyuma yake, haukutikisika. Upepo wenyewe haukunuka ziwa. Ulinuka tumbaku.

"Karibu," alisema Isidore, kwa mazoea ya kutania, kisha akatamani kulirudisha neno kinywani.

Hata hivyo mwanga ulikuja, na mwanga ndio uliokuwa kazi yake. Alichonga kingo za tundu, akapaka chokaa, akaweka kiti cha kamba cha marehemu chini ya dirisha kikitazama maji, meza pembeni na mtungi juu yake. Akaenda kwa Waziri kuchukua rido, lile pazia.

Aliporudi, kiti kilikuwa kando ya kitanda kikitazama mlango. Meza ilikuwa imesimama katikati, miguu yake minne ndani ya vishimo vinne ilivyovichimba sakafuni kwa miaka thelathini.

"Paka," alisema Isidore. Akafikiri. "Paka wa kubeba meza."

Alivirudisha vyote. Akaenda ziwani kuosha brashi, akarudi mbio zaidi kuliko alivyokwenda. Kiti kando ya kitanda. Meza vishimoni.

Mara ya tatu alikanda udongo, akavijaza vishimo, akavilainisha kwa kiganja mpaka sakafu ikawa kama shavu la mtoto. Aliiweka meza mbali, akakaa mlangoni, jua likimchoma mgongo, akatazama. Meza haikusogea. Kiti hakikusogea. Ni udongo uliosogea: polepole, mahali palipokuwa wazi, pasipo na kitu juu yake, vishimo vinne vilianza kudidimia, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayeshusha meza nzito kwa adabu asiamshe watu.

Isidore aliinyanyua meza mwenyewe, akaiweka humo. Akasogeza kiti.

"Pole, Mzee," alinong'ona. Kilichomuuma zaidi, akitoka kinyumenyume mlangoni, ni kwamba chumba kilikaa vizuri hivyo kuliko alivyokipanga yeye.

Alhamisi Mwanahamisi aliteremka kwenye lori, mzigo wa safari kichwani, akaenda moja kwa moja chumba cha nyuma.

"Isidore."

"Mvua, Mama Saumu! Jumanne ilipiga huu ukuta mpaka kiraka kikaanguka chenyewe. Mi nikasema, badala ya kulia, tuweke rido."

"Mboko hatukuona mvua."

"Ya Baraka haina ndugu kule."

 Boti lilikuwa la kesho, na barabarani gari la wanunuzi lilikuwa limesimama: Jacques, karani wa bureau ya serikali huko Fizi, na mke wake Adolphine, ambaye baridi ya mlimani ilikuwa imemchosha kifua na alitaka kukaa penye jua. Mwanahamisi akatoka barazani, akashusha mzigo, akaenda kuwapokea.

Jacques alipenda baraza. Alipenda mabati, akayagonga kwa fimbo, akasema "Très bien," vizuri sana, mara tatu, na Isidore akaanza kurefusha shingo tena. Adolphine alikuwa ameingia ndani peke yake. Alikawia. Walimsikia akicheka kidogo, kama mtu anayejibu salamu, kisha akatoka akijipepea kwa kitambaa.

"Nyumba ni nzuri kweli," alimwambia Mwanahamisi. "Lakini Mama, mbona munatuuzishia na mwenyewe angali ndani?"

"Mwenyewe ni mimi, mwanangu."

"Ule muzee kwa kiti. Wa kofia nyeupe, mwenye kukosa kidole."

Kidole cha Mzee Useni kilikatwa na kamba ya boti kabla Adolphine hajazaliwa. Mwanahamisi alitafuta ukingo wa baraza kwa mkono, akakaa.

"Amesema nini?"

"Amenishikisha shukrani za kumupa huyu kijana. Eti amezunguka nyumba miezi sita akipapasa ukuta, mpaka Jumanne mchana kijana akamufungulia na jembe lake mwenyewe, huku anapiga mluzi. Akamwambia na karibu." Alimgeukia Isidore, akitabasamu kwa wema. "Anaomba tu jembe ulirudishe chini ya kitanda."

Jacques alikuwa ameshafika barabarani, kofia kichwani, akimwita mke wake kwa sauti isiyo na "très bien" hata moja. Isidore alitazama ziwa, kama Shehe.

"Mutoto wangu," alisema Mwanahamisi, taratibu, akifungua mzigo wake wa safari kama mtu ambaye boti la kesho limeshamwacha, "ile mvua yako ya Jumanne. Ilikuwa inapiga mluzi wimbo gani?"