Nyuma ya Koti la Njano

Jantine aliondoka mjini Gouda, Uholanzi, kwa baiskeli Jumamosi asubuhi, na mumewe akabaki dirishani akimwangalia kwa uso wa msibani.

Leendert si mtu mbaya. Kosa lake ni moja tu: anajua njia. Miaka thelathini na moja ya ndoa yao yeye ndiye aliyetangulia kwa baiskeli na Jantine akafuata nyuma, kwa hiyo matuta ya kuzuia maji, mifereji na vinu vyote vya upepo vya nchi yao Jantine ameviona vikichungulia pembeni mwa koti la mvua la njano la mumewe. Sasa Leendert amestaafu, hana la kufanya, na ameitolea macho baiskeli ya watu wawili inayouzwa na jirani. Yeye akae mbele, mke akae nyuma, usukani uwe mmoja. Jantine alipoelezwa mpango huo mezani nusura apaliwe na supu ya njegere.

Ndipo wakawekeana dau. Jantine aende peke yake hadi shambani kwa mfugaji Neeltje, huko malishoni ng'ambo ya mto, akaone ng'ombe wakifunguliwa baada ya kufungiwa zizini majira yote ya baridi. Akirudi nyumbani bila kumpigia mumewe simu hata mara moja, habari ya baiskeli ya wawili imekwisha. Akipiga, itanunuliwa.

"Utanipigia kabla ya saa sita," Leendert alisema.

"Kaa nayo mkononi hiyo simu, ikuchoshe," Jantine akamjibu.

Hakuchagua shamba hilo bure. Aliwahi kuona ng'ombe wakifunguliwa mara moja tu, akiwa mtoto juu ya mabega ya baba yake, na tangu aolewe kila machipuko alikuwa akiambiwa mwaka ujao, kwa sababu Leendert hapendi kusukumana na watu. Kuambiwa mwaka ujao miaka thelathini na moja kunachosha, msinidanganye.

Alipovuka daraja la mwisho la mji, upepo ukampiga usoni. Hapo ndipo alipogundua kwamba siku zote upepo ule ulikuwa ukimpiga Leendert. Ulikuwa mkali, ulimtoa machozi, naye akaupenda. Mbele yake palikuwa wazi kabisa, majani mabichi na maji hadi upeo wa macho. Akapiga kengele bila sababu, akawasalimia bata bukini waliokuwa wakila kandokando ya njia, nao wakamjibu kwa kelele za watu wenye shamba. Alikuwa na furaha ya kitoto na wala hakuionea haya.

Namba za nguzo za njia panda, zinazowaongoza waendesha baiskeli, alikuwa ameziandika kwa kalamu mgongoni mwa mkono, kama alivyozoea kujiandikia mambo alipokuwa msichana. Leendert angeziandika kwenye karatasi na karatasi akaitia kwenye plastiki. Mvua ikaja kutoka ubavuni, kama kawaida yake huku, Jantine akajipangusa pua kwa mkono uleule, na alipofika kwenye nguzo iliyofuata mkononi palikuwa na doa la buluu tu. Alicheka. Halafu akatazama njia tatu zilizokuwa mbele yake, kicheko kikamkauka.

Simu ikaanza kumwasha mfukoni. Ni simu ya vibonyezo. Ramani zote ziko kwenye simu ya Leendert, pamoja na maarifa yote. Akaitoa na kuiangalia, akaiona akilini baiskeli ya jirani, na kiti cha nyuma, na uzee wake wote juu ya kiti hicho. Akairudisha mfukoni.

Alipoinua uso aliona watu juu ya tuta ng'ambo ya maji. Baba mmoja alikuwa amepakia watoto wawili kwenye sanduku la mbele la baiskeli yake, na nyuma yao walikuja wazee kadhaa wakikanyaga taratibu. Wote, wakubwa kwa wadogo, walivaa buti za mpira. Nani anavaa buti za mpira Jumamosi na kuwabeba watoto wake mvuani, kama si mtu anayekwenda kuona ng'ombe?

Kulikuwa na kivuko cha kujivuta mwenyewe kwa mnyororo, ila kilikuwa kimeachwa upande wa pili. Jantine akashika gurudumu la mnyororo, akazungusha mpaka mabega yakawaka moto, na kivuko kikaja kwa maringo kikikokota majani ya matete. Mzee mmoja juu ya tuta alisimama kumtazama, akamwambia kwamba akizungusha kwa pupa hivyo atatumbukia. Jantine akamwambia ashike njia yake. Katikati ya maji, peke yake na baiskeli yake, alianza kuimba.

Akawafuata wale wenye buti, akafika watu wakiwa wamejipanga kwenye uzio wa shamba na Neeltje ameshika komeo la mlango wa zizi. Mlango ukafunguliwa. Ng'ombe wa kwanza akatoka, akasimama, akanusa. Halafu mnyama yule mzito akaruka, miguu ya nyuma juu, kiwele kikiyumba huku na huku, na wenzake wote wakamfuata mbio, wakipigana vichwa, wakigaagaa, wakikimbia bila kujua wanakokwenda. Ardhi ilitetemeka chini ya nyayo za Jantine. Alikuwa akicheka na kulia, akageuka aseme, "Umeona?"

Kando yake palikuwa na mtoto wa watu akila chapati ya maji.

Furaha ile ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Mkono ukaingia mfukoni, na Jantine alijua kabisa unafuata nini, na unamgharimu nini. Akabonyeza.

"Haya," Leendert alidakia. "Uko wapi? Karibu yako kuna alama gani?"

Jantine akanyoosha simu juu ya uzio, kwenye vishindo na milio, akaishikilia hapo mpaka mkono ukachoka. Kisha akairudisha sikioni.

"Ndio hao?" Leendert aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ndio hao."

"Kwa hiyo hukupotea."

"Nilipotea. Nikafika."

Leendert akakohoa. "Lakini umepiga. Na saa sita bado."

"Nimepiga. Kainunue," Jantine alisema. "Ila mbele nakaa mimi."

"Na mimi huko nyuma nitaangalia nini?"

"Mgongo wangu," alisema Jantine. "Utauzoea. Miaka ya kwanza tu ndiyo migumu."