Mashine Chini ya Msalaba

Digna aliliona turubai tangu kwenye kona, akasimama katikati ya njia. Turubai la buluu, limefungwa kutoka paa la nyumba yao hadi kwenye mpapai wa jirani, na wanaume wamekaa chini yake kwenye mabenchi ya kanisa. Kwao kuna msiba, na yeye hajui ni wa nani.

Alikuwa anatoka Kiberege. Usiku mzima amelala kwenye basi lililonasa kwenye tope, gauni limeganda udongo mpaka magotini, na kifuani amekumbatia pawasaplai iliyoviringishwa kwenye kanga, kile kisanduku kinachoilisha kompyuta umeme. Ester, jirani yake, alimkimbilia kabla hajafika uani.

"Ni baba yako mdogo Theodori, wa Chita. Alifia hospitali jana asubuhi. Kaka yako akasema msiba uwekwe hapa, ni karibu na kanisa."

Digna akalia. Baba mdogo Theodori alikuwa mtu wa watu, na hakuna aliyehitaji kumfundisha kumlilia. Alilia mpaka mlangoni, wanawake wakampokea, wakaanguka naye kwenye mkeka wakalia pamoja. Alipojifuta uso na kuinua kichwa, ndipo alipokiona chumba, na machozi yakakatika pale pale.

Chumba kilikuwa kitupu. Kimefagiliwa, kimetandikwa mikeka ukuta kwa ukuta.

Chumba kile cha mbele kilikuwa karakana yake, mwaka wa pili sasa. Mradi aliokuwa karani wake ulipofungwa mwaka 1997, wenzake walirudi kwenye mpunga. Yeye alibaki na bisibisi tatu na yale aliyoyajua kwa kumchungulia fundi aliyekuja kutoka Dar es Salaam kila baada ya miezi mitatu. Fundi yule hakupenda kuchunguliwa. Digna alimchungulia hivyo hivyo, miaka minne, akimpelekea chai ambayo hakuiagiza. Watu wa Ifakara walicheka waliposikia anafungua kompyuta sebuleni kwa marehemu baba yake, na aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa kaka yake, Hermenegildi, mwenye nyumba yake ng'ambo ya soko na maneno ya kutosha nyumba mbili.

Bonde hili lina namna zake za kuua kompyuta. Kuna vumbi la pumba, kuna sisimizi, kuna umeme unaopanda na kushuka bila kuaga. Ile ya shule ya sekondari iliuawa na mjusi. Aliingia kwenye pawasaplai kutafuta joto, akaungua pamoja nayo, na nyingine ya kufaa ilipatikana Kiberege tu. Mwalimu mkuu, Nazari, aliileta mwenyewe, ameibeba kwenye baiskeli. Ndani yake mlikuwa na orodha ya watahiniwa wote wa kidato cha nne na alama zao, aliyoichapa kwa vidole viwili kwa wiki tatu. Nakala nyingine hakuwa nayo. Orodha ilitakiwa kuondoka na basi la Jumatatu.

"Walimu wenzangu wanataka niipeleke Morogoro kwa fundi wa kweli," alisema siku ile. "Nimekuletea wewe, na nimechekwa."

Kwa hiyo Digna alijua vizuri alichokibeba. Kila ofisi mjini ilikuwa inangoja kuona. Orodha ikitoka, watamletea kazi. Ikipotea, hakuna atakayemletea hata redio, na Hermenegildi atapata alichokuwa anakitaka, yaani kukirudisha chumba kuwa sebule ya ukoo.

Na leo ilikuwa Jumamosi.

Aliondoka mkekani kama anayekwenda kunywa maji, akaingia jiko la uani. Kompyuta nne alizikuta huko, zimerundikwa juu ya kuni, na kuku amekaa juu ya ile ya mwisho. Skrubu zake! Kila mashine ilikuwa na kitambaa chake, na kila skrubu ilikaa kwenye kizibo cha soda chenye namba, kizibo cha kwanza kwa skrubu ya kwanza, ili asikosee kurudisha. Sasa skrubu za mashine zote zilikuwa kwenye kopo moja la siagi, na vizibo vimetupwa jalalani. Mtu alikuwa amefanya usafi, tena usafi wa moyo mmoja.

Lakini kompyuta ya shule haikuwepo. Alipekua nyuma ya kuni, akapekua chumbani kwake, akachungulia mpaka bafuni. Akamfuata shangazi yake Stumai, dada wa marehemu, ambaye husimamia usafi kila msiba wa ukoo na sasa amekaa karibu na mlango na kilemba cheusi.

"Shikamoo, shangazi. Pole na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Poleni wote."

"Shangazi, kulikuwa na mashine moja mezani, bapa, nimeifunika kitambaa."

Shangazi alionyesha kwa kidevu.

Mwisho wa chumba, pale jeneza litakapolazwa, wamepanga mahali pa sala. Kitambaa cheupe cha kudarizi, msalaba, mshumaa, na bakuli la maji ya baraka lenye kijitawi. Na chini ya kitambaa, kwa mraba wake na kimo chake, Digna aliitambua kompyuta ya mwalimu Nazari. Mfuniko wake aliuacha bila skrubu. Mshumaa ulikuwa unachuruzika, na kila katekista alipochovya kijitawi na kunyunyiza, matone yaliangukia pale pale.

Hasira ilimpanda. Na ubaya wa hasira ya msibani ni kwamba haina pa kukaa. Ukinyanyua sauti umewatukana wafiwa, ukinuna umemtukana marehemu. Digna alijikaza, akatoka nje kumtafuta kaka yake.

Hermenegildi alikuwa chini ya turubai akigawa kazi za watu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umechelewa msibani kwako mwenyewe."

"Kaka, ile mashine iliyo chini ya msalaba ni ya shule. Naomba niiondoe, niweke meza badala yake."

"Msalaba ukishawekwa na kusaliwa hauhamishwi. Mzee analetwa saa nane. Tutaumaliza msiba Jumanne, tutavunja matanga, utachukua chuma chako."

"Kazi ni ya Jumatatu. Nilikuambia mwenyewe, juzi, ni ya Jumatatu. Na kinaingia maji."

"Baba yako mdogo amekufa, Digna," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wazee, "na wewe unalilia maji kwenye bati." Wazee wakatikisa vichwa, na aliyetikisiwa ni yeye.

Digna alikuwa anamchukia, tena siku ambayo kumchukia ndugu ni aibu, na aibu ile nayo ikamwongezea hasira. Alirudi ndani akaketi. Walimu wa sekondari waliingia kutoa pole, mwalimu Nazari mbele yao, wakavua viatu wakakaa mkekani hatua mbili kutoka kwenye msalaba. Nazari alisali, akasubiri kwa adabu, kisha akamwinamia.

"Pole sana, dada Digna. Najua si wakati wake, lakini ile kazi yetu iko salama?"

Katekista akachovya kijitawi. Digna aliyatazama matone yakipotea kwenye kitambaa cheupe, yakashuka chini palipo na alama za watoto mia na kitu ambao wazazi wao waliuza mpunga ili wafike kidato cha nne.

Akasimama. Alikwenda jikoni akaleta kinu, akakipindua chini juu, akakitandika kanga yake safi. Alifanya ishara ya msalaba. Akauhamisha mshumaa, kisha bakuli, kisha akaubeba msalaba kwa mikono miwili akausimamisha juu ya kinu. Wimbo ulikatika. Alivuta kitambaa cheupe, akaibeba mashine, maji yakidondoka mbele ya gauni lake, akapita katikati ya wanawake waliokunja miguu kumpisha kana kwamba amebeba moto.

"Digna," kaka yake aliita kutoka mlangoni.

Alimpita bila kumtazama.

Alikwenda kwa Ester. Alifungua kila kitu, akakausha kwa kitambaa, akaianika kwenye jua la uani, akakwangua nta kwa ukucha. Saa nane alirudi kumzika baba yake mdogo, akasimama nyuma ya watu wote, na hakuna aliyemshika mkono. Jumapili baada ya misa alifunga ile pawasaplai ya Kiberege, nyaya nyeusi za plagi zake mbili zikutane katikati, maana ukizigeuza umechoma kila kitu. Skrubu alizichagua moja moja kutoka kwenye kopo, akizipima urefu kwa kidole, akilaani. Akawasha. Kompyuta ikanguruma, ikafikiri kwa muda mrefu kuliko alivyoweza kuvumilia, ikafunguka. Orodha ilikuwepo. Aliinakili kwenye disketi tatu na Jumatatu alfajiri akazipeleka shuleni pamoja na mashine yenyewe. Mwalimu Nazari alihakiki majina hadi la mwisho, akamshukuru, na disketi moja ikaondoka na basi.

Mji haukuzungumzia orodha. Sokoni, bombani, kanisani, mji ulizungumzia mwanamke aliyemng'oa marehemu msalaba kwa ajili ya kompyuta.

Jumanne matanga yalivunjwa, na wazee wa ukoo wakaketi chumba kile kile. Hermenegildi alisema mengi. Alisema dada yake ameuaibisha ukoo mbele ya walimu. Alitaka atoe mbuzi wa kuwaomba radhi wazee, na mashine zake zitoke kwenye nyumba ya baba.

"Ana la kusema?" mzee mmoja aliuliza.

Aliyesema alikuwa shangazi Stumai.

"Mimi ndiye niliyeiweka pale. Nilitaka kitu cha heshima cha kumsimamishia mdogo wangu msalaba. Nikaona hiki ndicho mwanangu anachokifunika kila jioni, hataki mtu akiguse. Nikasema humu ndani hakuna kilicho bora kuliko hiki. Lakini sikujichukulia tu. Nilimuuliza Hermenegildi. Akaniambia weka, shangazi, vyote humu ni vibovu, ndiyo maana vimeletwa kwake."

Siku tatu Digna alikuwa amemkasirikia mwanamke huyu kimoyomoyo, kwa kopo lile, kwa vizibo, kwa kuku. Hasira hiyo ilimwisha mara moja, na yote iliyobaki ikapata mahali pake. Alimgeukia kaka yake.

"Ulijua ni ya shule. Na ulijua ni ya Jumatatu."

Hermenegildi alitazama mikeka.

"Mbuzi nitatoa," Digna aliwaambia wazee. "Niliushika msalaba wa baba mdogo nikiwa na hasira, na kwa hilo namwomba radhi yeye. Chumbani sitoki. Na mnisikilize vizuri. Siku nikifa, nililieni nje. Msitoe kitu humu ndani mpaka vya watu virudi kwa wenyewe."

"Unajiombea kifo kwenye matanga?" kaka yake aliuliza.

"Ndiyo, kaka. Maana nikiwa hai hunisikii."

Hakuna mzee aliyemkemea. Kikao kilikwisha bila kufungwa, watu wakinyanyuka mmoja mmoja.

Kesho yake alinunua kufuli sokoni, akaufunga mlango wa chumba cha mbele, mlango ambao tangu baba yao aujenge haukuwahi kufungwa mchana. Funguo zilikuwa mbili. Mmoja aliufunga kwenye pindo la kanga. Wa pili alimpelekea shangazi Stumai, akauweka kwenye kiganja chake na kukikunja.

"Ukitaka kitu cha heshima, shangazi," alimwambia, "uniulize mimi."