Jamaa wa Mgonjwa

Mwalimu Pang Huiqin alipanda treni ya saa mbili asubuhi kwenda Leshan akiwa amejiziba kama mwizi wa kuku: barakoa, kofia pana, miwani ya jua, na skafu shingoni ingawa ilikuwa Agosti. Alikuwa amemuaga mwanawe, Zhuo, kwamba anakwenda kumfukizia ubani Buddha mkubwa wa kule mlimani. Uongo huo aliupika siku tatu mpaka akauona umeiva. Ukweli ni kwamba alikuwa anakwenda kliniki ya akili.

Mji wao nao una hospitali, tena ya ghorofa tisa. Shida ni kwamba Mwalimu Pang alifundisha hesabu pale mjini kwa miaka thelathini na minne. Nesi wa mapokezi alikuwa mwanafunzi wake, mpiga eksirei alikuwa mwanafunzi wake, na daktari wa moyo alikuwa mwanafunzi wake aliyewahi kupata sifuri. Huyo wa sifuri alimpima moyo mara tatu akasema ni mzima. Mwenzake wa tumbo akammezesha kamera, akasema hakuna kitu. Tabibu wa mizizi akamshika kifundo cha mkono, akafumba macho, akasema ini limepata joto, akampa magome ya kuchemsha ambayo mtaa mzima ulilalamikia harufu yake. Na bado kifua kilimbana, kichwa kilikuwa kizito, na usingizi ulikuwa umemhama, mwezi wa saba sasa. Mwishowe yule wa sifuri alimwinamia akanong'ona, "Mwalimu, nenda kaonane na watu wa akili."

"Nenda wewe," alimjibu. "Kwa alama zako zile."

Miezi saba ilikuwa tangu mumewe, mzee Yan, afariki. Mzee Yan alikoroma kwa miaka thelathini na tisa, na kwa miaka hiyo yote mkewe alimpiga kiwiko: geukia huko, wewe trekta. Sasa trekta lilikuwa limezimika, chumba kimekaa kimya, na kimya hicho ndicho kilichomkodolesha macho hadi alfajiri. Alimkumbuka mumewe, alimkumbuka mno, lakini hakuwa mtu wa kusema maneno kama hayo mbele ya watu. Kifua kinabana, hilo linasemeka. Wiki iliyopita alikwenda sokoni akaacha jiko la gesi linawaka, akarudi akakuta sufuria imegeuka mkaa. Hapo ndipo alipoogopa kweli.

Kilichomchelewesha ni harusi. Zhuo alikuwa anaoa Oktoba mosi, anamwoa Qiuyue, binti wa pekee wa Tong Yulan, mjane mwenye duka la tofu, jibini ya soya, karibu na daraja. Mama Tong alikuwa mwanamke wa kicheko kikubwa na mkono wenye bangili ya jiwe la kijani la jade iliyowahi kuvunjika ikaungwa kwa ukanda wa dhahabu. Siku familia mbili zilipokutana kula, sufuria ya mchuzi wa pilipili ikichemka katikati ya meza, alichovya kipande cha utumbo akauliza kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu:

"Kwenu kuna kisukari, Mwalimu?"

"Hakuna."

"Presha?"

"Ya kawaida tu."

"Na vichwa je? Hakuna aliyewahi kuugua kichwa?"

Vijiti vya kulia vilisimama hewani. Mwalimu Pang akacheka, akasema, "Vichwa vyetu vyote ni vya hesabu," na watu wakacheka naye, vijiti vikaendelea. Lakini kila aliyekuwa mezani alijua maana ya swali lile. Kuna posa ngapi zimerudishwa kwa sababu ya shangazi mmoja tu aliyekuwa akiongea peke yake? Basi hesabu ilikuwa nyepesi: Mwalimu Pang akionekana kliniki ya akili, Zhuo hana mke.

Ndiyo maana ya Leshan. Huko hakuna aliyemjua.

Kliniki ilikuwa ghorofa ya tatu, imejaa kama siku ya mnada. Kila mgonjwa mmoja alikuja na watu watatu, mmoja wa kubeba maji, mmoja wa kubeba karatasi, na mmoja wa kumjibia maswali. Ukutani palikuwa na skrini inayoandika majina ya watu, herufi moja ikiwa imefichwa kwa nyota ili wasitambulike, na kando yake nesi anayeyasoma majina hayohayo kamili kwa sauti ya kuuzia samaki. Nesi alimpa Mwalimu Pang fomu na penseli. "Maswali ishirini. Kila swali weka alama kwenye kisanduku kimoja. Usifikiri sana."

Usifikiri sana! Mwalimu Pang hakuwahi kusikia msimamizi wa mtihani akisema upuuzi wa namna hiyo. Alikaa, akaivuta fomu. *Nalala vibaya. Sina hamu ya kula. Nachoka bila sababu.* Na visanduku vinne: sivyo kabisa, mara chache, mara nyingi, karibu kila siku. Kwake yeye mtihani ni mtihani, na kila mtihani una majibu yake sahihi. Akijaza vibaya sana, watamfungia wodini. Akijaza vizuri sana, watamrudisha nyumbani bila hata kidonge. Alihitaji alama za katikati, sitini hivi, za mtu aliyeugua kwa heshima. Lakini ni visanduku gani vinavyotoa sitini?

Kulia kwake alikaa mwanamke mmoja, naye amejiziba barakoa na kofia hadi puani. Huyo alikuwa anajaza mbio mbio, tiki, tiki, tiki, bila kusita. Anayajua, alijisemea Mwalimu Pang. Huyu si mgeni hapa.

Naam, yule aliyewakamata watoto mia nane na ushei wakiibia, aliyejua mbinu ya kifutio, ya kikohozi na ya kujinyoosha, aliangusha penseli yake. Akainama kuiokota polepole, akainuka nayo na majibu matano. Akajinyoosha, akapata mengine manne. Akakohoa. Nyani haoni kundule: hata aibu hakuona, aliona raha, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alisahau kifua chake. Akafika la kumi na nane.

La kumi na tisa lilisema: *Huwa naona heri nilale nisiamke.* Mwanamke yule alikuwa ameweka tiki kwenye karibu kila siku.

Penseli ya Mwalimu Pang ikasimama. Alama ile ilikuwa imekandamizwa sana, karatasi karibu itoboke. Hakuweza kuinakili. Aliinua macho kutoka kwenye kisanduku hadi kwenye mkono, na mkononi palikuwa na bangili ya jade yenye ukanda wa dhahabu.

Alitaka kuondoka. Ngazi zilikuwa hatua kumi, na barakoa ilikuwa bado usoni. Akiondoka sasa, siri ya mwenzake iko mfukoni mwake na yake haiko kwa mtu. Alifikiri hivyo, na nisiwafiche, alifikiri mara mbili.

"Mwalimu," mwanamke yule alisema taratibu bila kugeuka, "kikohozi hicho nakijua. Umenifundisha hesabu ya kugawanya kwa kikohozi hicho."

Kumbe naye alikuwa mwanafunzi wake. Mji ule!

"Mama Tong," Mwalimu Pang alisema, "mimi nimemsindikiza jirani."

"Mimi pia. Nimemleta jirani."

"Wako yuko wapi?"

"Chooni. Wako?"

"Chooni."

"Watakuwa wanaongea," Mama Tong alisema, na barakoa yake ikatikisika. Alikuwa anacheka. Halafu ikaendelea kutikisika na haikuwa kicheko tena.

Mwalimu Pang hakujua kubembeleza watu wazima. Alimshika mkono kwenye ile bangili, akaushikilia. "Tangu lini?"

"Tangu Januari. Na sina hata sababu, Mwalimu. Nyumba ninayo, duka linakwenda, mtoto anaolewa na mtu mwema. Ningekuwa na sababu nisingeona aibu hivi."

"Na wewe ndiye uliyekuja kunihoji mezani habari za vichwa!"

"Si nilikuwa natafuta mwenzangu!" Mama Tong alifuta macho kwa kona ya skafu. "Nilisema, wakiwa naye mmoja kwao, basi na mimi watanisamehe. Wewe ukaniambia vichwa vyenu vyote ni vya hesabu. Sikulala siku mbili."

"Mimi silali miezi saba."

Waliangaliana juu ya barakoa. Kabla hawajasema zaidi nesi alipaza sauti, "Tong Yulan!" na Mama Tong akainuka, akaingia.

Mwalimu Pang alibaki na fomu yake yenye majibu kumi na manane ya kuiba. Robo saa ikapita. Mlango ukafunguliwa na nesi akatoa kichwa.

"Jamaa wa Tong Yulan! Jamaa wa mgonjwa yuko wapi?"

Nesi akaangaza macho ukumbi mzima.

"Amekuja na nani huyu? Daktari hamruhusu kuondoka bila jamaa. Basi tumpigie binti yake?"

Kutoka ndani ilisikika sauti ya Mama Tong, bila kicheko chochote: "Msimpigie. Nawaomba. Anaolewa Oktoba."

Hapo Mwalimu Pang alivua miwani, akavua kofia, na kwa kuwa alikuwa amekwisha kuanza, akavua na barakoa. Nyuso zote za ukumbini zilimgeukia. Pengine mmoja wao alikuwa mwanafunzi wake; na awe.

"Jamaa ni mimi," alisema.

Daktari Xiang alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya chini na nywele zilizobanwa kwa kalamu. Alisukuma karatasi mezani. "Jina hapa. Na hapa, uhusiano na mgonjwa."

Mwalimu Pang aliandika kwa hati yake nzuri ya ubaoni: *mkwe.*

"Watoto wenu wameshaoana?"

"Bado. Lakini wewe iache hivyo hivyo."

Mama Tong aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu.

"Lazima awepo mtu wa kuwa naye, mchana na usiku," daktari alieleza. "Dawa zikae kwa jamaa, si kwake. Wiki mbili, kisha mnarudi. Na binti lazima ajue, si leo, lakini ajue. Mnaweza?"

"Atakaa kwangu. Na usiku usiwe na wasiwasi, mimi silali kabisa. Nitamlinda kuliko polisi."

Daktari Xiang hakucheka. Alinyoosha mkono. "Hebu nione fomu yako."

Aliziweka fomu mbili pamoja, akazipitia kwa kidole. "Zinafanana mpaka la kumi na nane."

"Nimeibia," Mwalimu Pang alisema.

"Mtoto mmoja alimwibia mwenzake hata jina," Mama Tong alisema kwa sauti ya kukwaruza, "huyu akamsimamisha juani saa nzima."

Daktari alimpa fomu mpya. Mwalimu Pang aliijaza palepale, mkono wa kushoto umeikinga karatasi kama mwanafunzi mwema, na kila alipotaka kuweka jibu la heshima aliweka la kweli. Kwenye *nalia au natamani kulia* alisimama. Halafu alisema, bila kuulizwa, kwamba alikuwa na mume anayekoroma, na kwamba hakuwahi kumwambia hata siku moja kuwa ile sauti ndiyo iliyokuwa ikimlaza. Alilia hadi penseli ikalowa. Mficha maradhi kifo kitamuumbua, ndivyo wasemavyo. Yeye aliumbuliwa na kukoroma. Mama Tong alimtilia saini kama jamaa wake, na kwenye uhusiano akaandika *mkwe*, herufi kubwa, akapiga mstari chini.

Walipanda treni ya saa tisa, kila mmoja na dawa za mwenzake mkobani. Walinunua mahindi ya kuchemsha wakayala. Mji wao ulikuwa kituo cha pili. Kabla ya kituo cha kwanza, Mama Tong aliegemea dirisha, mdomo ukafunguka, akaanza kukoroma, tena si mkoromo wa kike, bali ule wa kupandisha mlima na shehena.

Watu wakageuka. Mwalimu Pang aliona haya, akainua kiwiko kwa mazoea ya miaka thelathini na tisa. Kiwiko kikabaki juu. Akakishusha taratibu, akakumbatia mikoba yote miwili, akasema moyoni atafumba macho kidogo tu, maana yeye ndiye mlinzi.

Mhudumu aliwaamsha Chengdu, mwisho wa reli, mabehewa yakiwa matupu. Simu ya Mwalimu Pang ilikuwa inalia. Zhuo alikuwa amepiga mara kumi na moja.

"Mama! Uko wapi?"

"Chengdu."

"Chengdu? Na nani?"

"Na mama yake Qiuyue."

"Mnafanya nini Chengdu, Mama?"

Mwalimu Pang alimtazama mkwe wake, nywele zimesimama upande mmoja, anatafuta kiatu chini ya kiti.

"Tulikuwa tumelala, mwanangu," alisema. "Tukifika tutawaeleza yote."