Kichwa cha Ng'ombe wa Lomayani

Nilikuwa fundi wa kukata ubongo, na sisemi hivyo kwa kujisifu, ingawa najisifu pia. Hapakuwa na mtu mwingine Arusha nzima aliyeweza kuchukua kipande cha ubongo kilichozungushiwa nta na kukikata kikawa chembamba mpaka mwanga ukapita. Daktari Rehbein mwenyewe alikuwa akinywa kahawa mno na mkono ulimtetemeka. Akikata yeye, tunapata mkate. Nikikata mimi, tunapata utando wa kitunguu.

Hiyo ilikuwa enzi ya Wajerumani, mwaka ambao reli ya kutoka Tanga ilikuwa imekaribia Moshi na kila mtu mjini alikuwa na maoni yake kuhusu reli. Daktari hakuwa na maoni. Kazi aliyopewa na serikali ilikuwa kuwatibu askari wa boma homa na kuhara. Kazi aliyojipa mwenyewe, wagonjwa wakishakwisha, ilikuwa uzee. Alitaka kujua kwa nini wazee wengine husahau majina ya watoto wao, na wengine hukumbuka hata rangi ya kanzu uliyovaa sikukuu ya mwaka juzi. Alikuwa amesoma kwamba huko kwao daktari mmoja ameupasua ubongo wa mwanamke aliyekufa akiwa amesahau kila kitu, akakuta ndani yake mafundo na madoa.

"Mwili wote ni vijumba, Selemani," aliniambia. Vijumba vyenyewe ndivyo hivi ambavyo wajukuu zangu wanaviita seli. "Mzee anasahau kwa sababu vijumba vya ubongo vinakufa. Nani anaviua? Mimi nataka kumjua huyo."

Nilitaka kumjua kuliko yeye. Mama yangu, Bi Tunu, alikuja bara kutoka Pangani akiwa bibi harusi, na kwa miaka thelathini vitumbua vyake vilijulikana mtaa mzima. Sasa alikuwa akitia chumvi mahali pa sukari, kisha anatushangaa tunavyokunja nyuso. Siku moja aliondoka kwenda Kijenge kumwona shoga yake, tukamkuta Lemara, amekaa uani kwa watu asiowajua, anawaamrisha wafagie. Nao, maskini, walikuwa wanafagia. Nilisimulia kisa hicho sokoni na watu wakacheka, nami nikacheka. Nyumbani sikucheka. Nilikuwa naogopa, na kila kipande nilichokata nilikikata kwa ajili yake.

Ubongo wa binadamu hatukuwa nao. Sisi Waislamu tunazika siku hiyohiyo, na Waarusha hawapendi hata kumtaja marehemu, sembuse kumwazima daktari kichwa chake. Kwa hiyo daktari alitafuta ng'ombe wazee. Hapo ndipo alipoingia Mzee Lomayani wa Kisongo. Alikuwa na ng'ombe mweusi aitwaye Narok, aliyezaa mara kumi na tatu, na ambaye uzeeni alianza kupotea. Jioni wenzake wakirudi zizini, yeye anaingia kwa jirani na kusimama huko kama mgeni asiyejua kuaga. Lomayani hakukubali achinjwe. Narok alipokufa mwenyewe, daktari akaomba kichwa, na Lomayani akakitoa kwa sharti moja tu: aje aonyeshwe kitu kilichompoteza ng'ombe wake.

Ubongo ulikaa wiki tatu kwenye spiriti. Nikautia nta, nikakata, nikaviweka vipande juu ya vioo, nikatia rangi ya buluu. Kipande cha nne kilitoka kizuri kuliko chochote nilichowahi kukata, hakina mkunjo wala tundu, na nilikuwa bado nakitazama kwa mapenzi Lomayani alipobisha hodi. Daktari hakuwepo. Askari alikuwa ameanguka toka juu ya nyumbu wa kupanda kule boma, daktari akaitwa amtibu.

Niliinamisha kichwa kumwamkia, kama wanavyofanya vijana wa kwao, naye akaniwekea kiganja utosini. Nikamweleza jinsi ya kutazama kwenye darubini, ile ya kukuza vitu vidogo. Kwanza alifumba macho yote mawili, akasema haoni kitu, nikamwambia afumbe moja. Akatazama muda mrefu.

"Huyu ndiye Narok?" akauliza.

"Ndiye, mzee. Sehemu yake ndogo."

"Na kilichompoteza kiko wapi?"

"Bado tunakitafuta."

Nikakitoa kile kioo kwenye darubini, nikakiweka mezani. Rangi ilikuwa bado mbichi, sikuwa nimekifunika kwa kioo cha juu. Lomayani akainama. Nilidhani anataka kukitazama kwa karibu. Akakitemea mate, kwa ncha ya ulimi, mara tatu, manyunyu membamba.

Anayewajua Waarusha haniulizi kwa nini. Mate ya mzee ni baraka. Humtemea mtoto mchanga, humtemea kijana anayesafiri, na Lomayani alikuwa anamuaga ng'ombe aliyemlisha miaka ishirini. Ningemkemea vipi? Nilimshukuru, nikamsindikiza mpaka barabarani.

Kipande kile nilipaswa kukitupa. Lakini kilikuwa kipande bora cha mwaka mzima. Niliyakausha mate kwa kona ya kitambaa, nikashusha kioo cha juu, nikakiweka pamoja na vingine.

Daktari alirudi saa kumi. Alitazama cha kwanza, cha pili, cha tatu, anaguna tu. Kwenye cha nne akainua kichwa, akainama tena. Kisha akaniita kwa sauti ya chini, kama tuko msikitini.

"Selemani, tazama."

Nikatazama. Juu ya vijumba vya ubongo nilivyovizoea palikuwa na vingine, vipana, vimelala bapa, kila kimoja na nukta ya buluu katikati. Na juu ya vile vipana, punje ndogo ndogo zimejipanga.

"Hao ni wadudu," akasema. "Huyu ng'ombe hakuzeeka tu. Aliugua. Ugonjwa wa wadudu una dawa." Akanishika bega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mama yako, Selemani, anaweza kupona."

Mtu akiambiwa maneno hayo, akili yake inakwenda likizo. Nilikumbuka mate, naam. Nikajiambia mate ni maji, na maji hayana vijumba. Siku nne daktari aliandika barua ya kupeleka kwao, kurasa kumi na moja, na siku nne mimi nilitembea mjini kama bwana harusi. Nilimpikia mama pilau kwa mikono yangu. Alisema haina chumvi, na safari hiyo alikuwa sahihi. Daktari akapanga: Jumatatu asubuhi nimlete mama apigwe sindano ya kwanza, na mchana tarishi aondoke na barua.

Jumamosi nilikuwa peke yangu nasafisha vioo. Sijui nini kilinituma. Nilitema mate yangu mwenyewe kwenye kioo kitupu, nikatia tone la buluu, nikatazama.

Walikuwepo. Vijumba vipana, nukta katikati, punje juu yake, wote kama wale wa kipande cha nne, ndani ya mate ya Selemani bin Omari ambaye hajapotea hata siku moja. Nikatema tena, nikatazama tena. Nikakaa chini sakafuni.

Sasa nitasema jambo la aibu. Hata baada ya kujua, sikusema. Jumapili yote nilijidanganya kwamba pengine dawa itafanya kazi vyovyote vile, kwamba daktari amesoma na mimi ni mkata nta. Nilihofia kiboko, ile hamsa ishirini, mapigo ishirini na tano, ambayo kila mtu wa enzi ile anaijua mgongoni mwake au mwa ndugu yake. Lakini zaidi ya kiboko, niliogopa kurudi nilikotoka. Kwa siku chache nilikuwa na mama atakayepona, na sikutaka kumwachia.

Jumatatu mama alivaa kanga yake ya mchoro wa korosho, akatembea nami mpaka hospitali akisalimia watu wote njiani, wanaomjua na wasiomjua, akaketi kwenye benchi la baraza ameshika mkoba wake mapajani. Daktari alikuwa anachemsha sindano.

"Dawa hii ni kali," akaniambia. "Wale wa ugonjwa wa malale, kule ziwani, baadhi walipofuka. Lakini mama yako ni mzee. Bora akili kuliko macho, au siyo?"

Kupitia mlangoni nilimwona mama. Alikuwa anatazama Mlima Meru, ambao asubuhi ile ulikuwa umejifunua wote bila hata wingu, na alikuwa anatabasamu.

"Bwana daktari," nikasema, "wale si wadudu wa ng'ombe. Ni mate ya Mzee Lomayani."

Alidhani nimechanganyikiwa. Nikamweleza yote, mpaka kona ya kitambaa. Uso ukamwiva. Akasema mate hayawezi, akasema mimi ni mshenzi, akasema mengine kwa Kijerumani ambayo nashukuru sikuyaelewa. Nikachukua kioo kisafi, nikamnyooshea.

"Tema mate, bwana."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia afisa wa Kijerumani maneno hayo akarudi kwake na mgongo mzima. Alinitazama. Akatema. Nikatia buluu, nikafunika, nikakiweka kwenye darubini na kusogea pembeni.

Alitazama muda mrefu kuliko Lomayani. Alipoinuka alizima ile taa ya spiriti chini ya sindano.

"Kwa nini hukukitupa?" akauliza.

"Kilikuwa kizuri mno, bwana."

Alinizaba kofi moja, si la kuumiza sana, akaichana barua kurasa zote kumi na moja. Kisha akakaa, akaegemeza kichwa mikononi, akaniomba nikate kingine. Nikakata palepale, na bado kilitoka chembamba kuliko vyake. Tulikitazama kwa zamu. Vijumba vilikuwa vichache, vimesinyaa, vimeachana kama nyumba za kijiji kilichohamwa. Hapakuwa na mdudu wa kulaumu.

"Hatujui," akasema daktari. "Andika hivyo, Selemani. Hatujui."

Nikaandika. Kisha nikaenda kumchukua mama.

Tulirudi polepole. Nilikuwa na hasira na ng'ombe, na Lomayani, na daktari, na zaidi ya wote na mimi mwenyewe. Tulipofika kwenye mfereji mama akanishika mkono, akasimama. Akanitazama kwa macho ambayo hakuwahi kunitazama nayo, ya mke anayemtazama mumewe. Baba alikuwa amekufa miaka tisa nyuma.

"Omari," akaniambia, "najua kwamba nasahau."

Nilitaka kumsahihisha, nikampokea mkoba tu.

"Mtoto wetu hajui kwamba najua," akaendelea. "Kila siku yuko kule kwa Mjerumani ananitafutia dawa. Anarudi ananuka spiriti, macho mekundu. Haipo dawa hiyo, Omari, mimi naiona inavyokwenda. Lakini usimwambie, atavunjika moyo. Siku akigundua mwenyewe, usimfokee. Mwambie mama yake alikuwa anajua, na hakumdai kitu."

"Nitamwambia, Tunu," nikasema.

Akaridhika. Akanishika mkono kwa nguvu tuvuke mfereji, akaniambia niangalie nisiteleze.