Ovaroli ya Baba Kidoti

Maneno yenyewe niliyasikia nikiwa kwa msusi, kichwa nusu kimesukwa na nusu kiko wima, kwa hiyo hata kuinuka niondoke sikuweza.

"Mama Kidoti, hongera," msusi akaniambia.

"Hongera ya nini?"

"Ya nini! Mzazi mwenzio kapata kazi, unajifanya hujui? Usinifiche, sikukopi."

Nikamwambia baba yake Kidoti hana kazi, mwaka wa pili sasa, tangu kiwanda cha magodoro kilipofungwa. Msusi akacheka mpaka chanuo likamponyoka.

"Hana kazi? Mtu anapita hapa kila siku saa kumi na mbili asubuhi, ovaroli imepigwa pasi, buti zinang'aa, kofia ngumu kwapani! Huko anakwenda kuuza sura? Haya, endelea kumwonea huruma. Wenzio wanakula nyama, wewe unaambiwa bucha limefungwa."

Wanawake waliokuwa wanangoja zamu wakacheka. Mimi nikacheka nao, lakini neno lile likaniganda. Kazini nikipiga pasi naliona, nikipanda kitandani naliona. Ovaroli imepigwa pasi.

Naandika haya kwa ajili ya akina mama wenye watoto ambao baba zao hawaishi nao. Mimi si msomi, niliishia darasa la saba. Nilifaulu, lakini nyumbani wakasema hakuna pesa, nikapelekwa kwa watu kufua. Tangu siku hiyo mikono yangu haijatoka kwenye sabuni na pasi. Sasa napiga pasi mashuka katika chumba cha kufulia cha hoteli, asubuhi mpaka jioni. Nina mtoto mmoja wa kike, miaka tisa, tunamwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi iliyoko shavuni mwake. Nilikuwa naomba kitu kimoja tu: mkono wa mtoto huyu ushike kalamu mpaka amalize shule, usishike kazi ya mtu kabla ya wakati kama wangu.

Mimi na baba yake tuliachana Kidoti akiwa na miaka mitatu. Tukaandikishana ofisi ya ustawi wa jamii kwamba atatoa matunzo kila mwezi. Kiwanda kilipofungwa alikaa kimya miezi miwili, halafu pesa ikaanza kuja tena kwenye simu. Ndogo, lakini kila tarehe tano, haikosi, na jina linalotokea ni lake. Sikuuliza anaipata wapi. Mtu aliyezoea kukaukiwa akiona maji hachunguzi bomba.

Shule ikitoka, Kidoti alikuwa anakwenda kwa bibi yake, mama wa baba yake, mpaka nimpitie jioni. Bibi ana chumba kimoja karibu na shule. Asubuhi hushona magunia katika ghala la nafaka, mchana anakuwa amesharudi. Mwanawe haishi naye, amejibanza kwa rafiki yake mtaa wa pili, kule kwa msusi. Bibi ni mtu mpole kwangu. Mimi na mwanawe tuliachana, mimi na yeye hatukuachana.

Sasa wiki ile ile ya maneno ya msusi, mwalimu wa Kidoti akaniita. Akasema mtoto ana akili, ila hesabu zinataka kusukumwa kidogo, kuna masomo ya jioni ya kulipia, mara tatu kwa wiki. Nikajumlisha mwenyewe kichwani: pesa haikosi tarehe tano, ovaroli imepigwa pasi, na mwanangu hana ada ya masomo ya jioni. Kwa hiyo huyu bwana ana mshahara anauficha, ananirushia makombo!

Sikumpigia simu kumuuliza. Sikumuuliza bibi, ambaye nilikuwa namwona kila jioni. Niliomba ruhusa ya nusu siku, nikaenda ustawi.

Akaitwa, akaja. Na amekuja vipi? Na ovaroli. Buluu, mstari wa pasi umenyooka mguuni kama rula. Nikamwambia afisa, mama mmoja wa makamo mwenye faili nyingi na sauti ndogo, "Afisa, ushahidi si huo umekaa hapo mbele yako?"

"Bwana," afisa akamuuliza, "mwenzio anasema una ajira. Ni kweli?"

Baba Kidoti akaangalia sakafu. Nikamwona anatafuta maneno. Ningenyamaza hapo, angeyapata. Lakini mdomo ukaniwasha.

"Atakwambia hana. Muulize hiyo pesa ya kila tarehe tano anaokota wapi. Au siku hizi kuna mwanamke anamlea?"

Mlango ulikuwa wazi. Watu wa kwenye benchi nje wakaangua kicheko, na mzee mmoja akasema kwa sauti, "Aa, hiyo sasa imempata!" Baba Kidoti akainua uso. Miaka yote niliyoishi naye sijawahi kuuona uso ule.

"Nina kazi," akasema.

"Wapi?"

"Ujenzi. Lile jengo jipya la ghorofa."

"Barua ya ajira unayo?"

"Ni kibarua, afisa. Hakina barua."

"Lakini unalipwa?"

"Nalipwa."

Afisa akaandika. Akasema matunzo yaongezwe nusu ya yale ya zamani, akamuuliza kama ataweza. Akajibu, "Mimi si mwanamume?" Akasaini. Hakuna aliyekwenda kwenye hilo jengo kuuliza, si afisa, si mimi. Nilitoka pale kifua mbele, nikampitia msusi kumpa habari. Akaniambia, "Unaona? Wanaume ni kama pasi ya mkaa, bila kupulizwa hawapati moto." Tukagonga viganja.

Tarehe tano pesa ikaja, na nyongeza juu. Nikaipeleka yote kwa mwalimu. Mwezi wa pili vile vile. Nikawa najisifu kazini. Wenzangu wenye waume waliokimbia matunzo wakaniuliza nilifanyaje, nikawaelekeza ofisi ilipo.

Dalili nilianza kuziona, sikuzitazama. Kidoti alikuwa na vitundu vyekundu kwenye vidole. Nikamuuliza, akasema wanashona nguo za mwanasesere. Nywele zake zilijaa vumbi jeupe, nikamgombeza anacheza kwenye uchafu. Akaanza kikohozi kikavu, nikampa dawa ya kifua. Mimi ninayeona doa la chai kwenye shuka jeupe kutoka mlangoni, niliyaona haya yote nikayapita.

Mwezi wa tatu nikakutana na mwalimu njiani.

"Mama Kidoti, nimeona nikuulize. Unalipa masomo, mtoto haji. Alikuja siku mbili za mwanzo tu. Kuna tatizo?"

Siku ya pili nikamdanganya msimamizi kwamba naumwa tumbo, nikaenda kwa bibi saa kumi. Mlango una kufuli. Jirani aliyekuwa anachambua mboga barazani akaniambia bila hata kuinua kichwa, "Hao siku hizi kurudi mpaka jioni, bibi na mjukuu. Wapo ghalani."

Ghala nalijua. Ni banda refu la bati, ndani vumbi la mahindi linaelea kama moshi. Wanawake wamekaa chini kwenye mistari, kila mmoja na rundo lake la magunia yaliyochanika na sindano ndefu iliyopinda. Wanalipwa kwa idadi ya magunia. Mwisho kabisa wa mstari alikuwa bibi, na pembeni yake mtoto amekaa kwa magoti, sare ya shule ameivaa ndani nje ili isichafuke. Anatunga kamba kwenye sindano, anampa bibi, anachukua nyingine, anashona pembe za gunia yeye mwenyewe. Anavuta kamba kwa meno. Haraka! Haraka kama mtu mzima.

"Kidoti!"

Akashtuka, halafu akatabasamu. Jamani, akatabasamu.

"Mama! Leo pembe nimeshona mimi zote! Bibi kanipa yale magumu!"

Bibi akaweka sindano chini. "Mwanangu, usimpige. Mimi ndiye nimemkubalia."

"Mama, kwa nini? Mtoto nimemlipia masomo!"

"Masomo umelipia kwa pesa gani?"

"Ya baba yake."

Wanawake wa jirani wakaacha kushona.

"Mwanangu, hivi wewe ulidhani inatoka wapi? Ile ya kwanza nilikuwa naiweza peke yangu, nashona asubuhi, mchana nakaa na mjukuu wangu. Hii mliyoongezeana huko ofisini siiwezi. Macho yangu hayaoni tundu la sindano. Mchana nikirudi huku, nimwache na nani? Nikaja naye. Alikaa siku mbili anaangalia, ya tatu akashika sindano, masomo hakurudi tena."

"Na mwanao? Na ovaroli? Si anakwenda kazini?"

"Anakwenda getini. Wanasimama pale watu hamsini, wanachukuliwa kumi, vijana. Ovaroli ya kiwandani anaipiga pasi wamwone fundi. Tangu kiwanda kifungwe hajapata hata wiki moja kamili. Mimi nampa pesa, yeye anakutumia, ionekane katoa yeye. Akaniapisha nisikwambie."

"Ungeniambia, Mama. Ningejua."

"Nikwambie ili umwite nini? Uliyomwita yametufikia. Anayemlea ni mimi."

Nilitaka kulia, hasira ikawahi. Sikujichukia peke yangu, nasema kweli. Nilimchukia mwanamume aliyekubali mama yake mwenye macho mabovu ashone magunia ili yeye asiitwe jina. Nikamshika mtoto mkono, nikatoka naye, na bibi sikumuaga.

Kesho yake nikaenda ustawi kuomba ile nyongeza ifutwe. Afisa akafungua faili.

"Mama, hapa imeandikwa ana kazi. Kasema mwenyewe, kasaini mwenyewe, na wewe ndiye uliyeleta hayo maneno. Sasa unaniambia hana. Aje yeye aseme."

Nikaenda getini kwenye lile jengo. Ilikuwa saa tatu, waliochaguliwa wamekwisha kuingia, walioachwa wamekwisha kutawanyika. Yeye amekaa kwenye tofali, kofia kichwani.

"Baba Kidoti, twende ustawi ukaseme ukweli."

"Ukweli gani?"

"Kwamba huna kazi."

"Nani kakwambia sina? Nasubiri zamu yangu."

Mlinzi wa geti akadakia, "Zamu! Mwezi wa nane huu anasubiri zamu. Mama, mchukue huyo, kofia yake inatuchosha."

"Mwanao anashona magunia," nikamwambia. "Unajua? Anajichoma vidole ili mama yako akupe wewe pesa, wewe unitumie mimi."

Hakuuliza magunia gani. Nikaona anajua. Alikuwa anajua siku zote. Akasimama, akajifuta vumbi kwenye makalio, akaondoka bila kugeuka.

Tangu siku hiyo hajaonekana. Simu yake haipatikani. Rafiki yake anasema alichukua begi asubuhi, hakuaga. Tarehe tano ikapita kavu. Nikaenda kwa bibi kumwomba Kidoti arudi kukaa kwake mchana, wala sitaki pesa, nataka macho ya mtu mzima tu. Bibi alinifungulia mlango nusu.

"Umenifukuzia mwanangu, halafu unaniletea wako nikulelee?"

"Mama, sikumfukuza mimi."

"Basi nani? Silei tena mtoto wa mtu halafu mwanangu afunguliwe kesi ofisini. Nenda salama."

Kidoti alikuwa nyuma yangu na mkoba wake, amesikia yote.

Sasa shule ikitoka anakuja kazini kwangu. Msimamizi amekubali mpaka mwisho wa mwezi, kwa sharti mtoto akae nyuma ya vikapu vya nguo chafu asionekane na wageni. Masomo ya jioni hayapo tena. Kwa siku za mwanzo alikuwa anafanya kazi za shule pale chini. Jana nimegeuka nikamkuta amesimama kwenye meza ya vitambaa vya mezani, anavikunja, kona kwa kona, hakuna aliyemtuma. Amemaliza rundo zima. Msimamizi akasimama kumtazama, akafurahi, akaniambia mbele ya wenzangu:

"Huyu ana mkono mwepesi kuliko nyie wote. Akikua kidogo tu tunamchukua."

Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka, maana kazi yangu iko mikononi mwake yule bwana.

Mwenye mtoto na asome vizuri haya ya kuepuka:

Usipeleke ofisini neno la saluni. Kwanza nenda na miguu yako ukaone.

Usimtukane mwanamume mbele ya watu ukitegemea atasema kweli. Atasema uongo, na uongo utaandikwa.

Usipokee pesa miezi na miezi bila kuuliza inatoka kwa nani.

Usimwache mtoto kwa mtu kisha ukamficha mambo mtu huyo huyo.

Usiombe nyongeza kabla ya kujua anayetoa kama anaiweza hata hiyo ya zamani. Asiye na kazi, aandikwe hana kazi.

Usione kidole cha mtoto kina tundu ukaridhika na jibu la kwanza.

Usiniulize mimi ofisi iko wapi.