Mistari Isiyotulia

Miaka thelathini kazi yangu imekuwa kuugawa mwali mmoja wa mwanga kuwa miwili, kuipitisha miali hiyo kwenye vioo na kuikutanisha tena, nipate mistari myeupe na myeusi ukutani. Mistari ikitulia, kipimo ni halali. Hiki kilikuwa kipimo changu cha mwisho kabla ya kustaafu, na kila asubuhi mistari ilihama.

Maabara ina funguo mbili. Mmoja wangu, mwingine wa fundi wa vioo, mume wa mdogo wangu, niliyemtafutia kazi hiyo mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Shemeji, umegusa vioo?"

"Sijagusa, shemeji. Ila nadhani—"

"Sikukuuliza unadhani nini."

Nikaanza kumchunga. Nilivuta kiti changu karibu zaidi na meza ya vioo, nikakaa nimekunja mikono, yeye kasimama mlangoni na kitambaa chake cha kufutia. Mistari ikahama mbele ya macho yangu. Ana ujanja gani huyu, hata akiwa mbali anaharibu? Hasira zikanipanda. Nikamwandikia mkuu wa idara barua ya mashtaka, ukurasa mzima, na fundi akasimamishwa kazi. Mdogo wangu akaacha kupokea simu zangu. Mpenda chongo huita kengeza, nilijisemea.

Wiki moja baadaye, niko peke yangu, funguo zote mbili mfukoni, mistari ikahama. Nikatoka kunawa uso. Niliporudi ilikuwa imetulia tuli. Nikakaa, ikaanza kutembea. Nikarudi mlangoni, nikangoja, ikatulia. Lilikuwa joto la mwili wangu, likipasha hewa juu ya vioo. Jambo hilo nawafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, tena kwa kejeli.

Nilikwenda mbio kwa mkuu wa idara kuifuta barua. Akafungua jalada.

"Utetezi wake huu hapa. Si nilikutumia nakala uijibu?"

Sikuwa nimeisoma. Niliona mwongo hana la kunieleza.

Fundi alikuwa ameandika hivi: "Kiti cha shemeji kisogezwe mbali na meza. Nimejaribu kumwambia, hataki kusikia kutoka kwangu. Mwambieni ninyi, asije akakosa kipimo chake cha mwisho."

"Basi arudishwe kazini leo hii," nilisema.

"Barua yako naweza kuifuta," alisema mkuu. "Hiyo ya chini ni yake ya kuacha kazi. Niliipokea jana."