Sikio la Kashka

Mgeni alipoonekana akishuka kwenye farasi, Anarkan alijua ni nani atachinjwa. Kundi lote lilikuwa kwenye malisho ya juu. Nyumbani alibaki Kashka tu, mwanakondoo yatima aliyelelewa kwa chupa na Burul, binti yao wa miaka sita. Na mgeni huyu hakuwa wa kupewa chai akaenda zake. Alikuwa Turdubek, mjomba wa mumewe, aliyekuja kuwapa pole kwa kitoto kichanga walichokizika mwezi uliopita.

"Mwite Burul," alisema Kadyr, mumewe, huku akinoa kisu. "Aitikie dua kabla sijachinja, kama tulivyofunzwa sisi. Nyama si anaila? Basi ajue inatoka wapi."

"We baba Burul, huna huruma hata chembe?"

"Huruma! Mdogo wake umemwambia yuko hospitali, madaktari wanamnenepesha. Sasa Kashka naye utamlaza wodi gani?"

Anarkan alichukua ndoo. Alimtuma mtoto mtoni kuchota maji, na aliporudi damu ilikwisha kufukiwa, ngozi na kwato zimefichwa.

"Baba kampeleka Kashka juu kwa wenzake," alimwambia. "Huko majani tele."

"Atanikumbuka?"

"Atakukumbuka, mwanangu."

Uongo ulimtoka kirahisi, na urahisi huo wenyewe ulimtia hofu. Lakini njia ya mwongo ni fupi.

Jioni nyama iliiva, na kichwa kikawekwa mbele ya mgeni kama ilivyo ada. Mzee alikata shavu akala, kisha akakata sikio, kwa kuwa sikio ni fungu la mtoto. Hapo ndipo Anarkan alipokumbuka. Alama ya kondoo wa nyumba yao ni mkato mmoja sikioni. Kashka alikuwa na miwili. Siku ya kumtia alama, Burul ndiye aliyemshika, akatetemeka, na kisu kikateleza. Anarkan alitamani kulipokonya lile sikio, lakini mkono wa mjomba anayegawa kichwa hauzuiwi.

"Haya, bibie," mzee alisema akicheka, "kula hili, usikie la mkuu. Maana nasikia masikio yako ni ya punda."

Burul alilipokea kwa mikono miwili. Alipitisha kidole kwenye mkato wa kwanza, kisha wa pili. Anarkan alingoja kilio, na kilio kingekuwa nafuu. Mtoto aliliweka sikio juu ya mkate, taratibu, akamtazama mama yake.

"Mama, na mdogo wangu je?"

Neno madaktari lilimjia Anarkan mdomoni, akalimeza kwa uchungu.

"Alikufa, mwanangu," alisema. "Tulimzika kilimani, karibu na bibi yako. Hatarudi."

Burul alimtazama kitambo, kama mtu anayepima kitambaa sokoni. Kisha akamgeukia Kadyr.

"Eti, baba," aliuliza, "ni kweli?"